Mkwe Alipopewa Darasa la Mourine

Wanawake wa soko la Malaba walimpa Perez Akwii jina la Askari Kanzu, na yeye hakulikataa. Aliuza muhogo mkavu na wimbi, akipima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Mtu akikaa mahali kama hapo mwaka baada ya mwaka, macho yake hujifunza kazi ya pili. Perez alijua dereva yupi ana mke Eldoret na mwingine Tororo. Alijua msichana yupi ametumwa chumvi na kwao, na sasa chumvi imesahaulika, amesimama kwenye kivuli cha trela anacheka na utingo. Akimwona wa namna hiyo alimwita kwa jina la baba yake, kwa sauti ya kufika ng'ambo, na msichana akaondoka upesi.

Tabia hiyo ilikuwa na chanzo chake. Mwanawe wa pili, Robinson, aliwahi kutoka nyumbani kila asubuhi akiwa na sare na mkoba, muhula mzima, bila kukanyaga darasani. Perez alikuja kuambiwa wakati kijana amekwisha kupanda lori, yuko njia ya Juba. Mpaka leo Robinson hupiga simu Krismasi, husema yuko sawa, hukata. Omagor, baba yao, alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kusaidiana naye kulia. Basi alipobaki na Mourine, kitinda mimba wake, Perez aliapa kwamba huyu hatapotea mbele ya macho yake.

Yeye mwenyewe aliachia darasa la tano. Madaftari ya Mourine aliyafungua, akayatazama kama mtu anavyotazama shamba la jirani, akayafunga. Lakini miguu alikuwa nayo, na mdomo alikuwa nao. Kila Ijumaa, soko lilipolegea, alimwachia jirani yake Emmaculate meza, akajifunga leso safi, akaenda shuleni kumwuliza mwalimu wa darasa: mtoto anakuja? Anasikiliza? Anakaa na nani? Mwalimu, mama mmoja mpole wa kutoka Amukura, alimzoea hata akamwambia mlinzi awe anamfungulia tu bila maswali. Mourine aliona aibu. Wenzake walimwambia mama yake anasoma gredi ya nane kuliko yeye. Perez akasema aibu haijawahi kumfukuza mtu shuleni.

Kisha mwalimu huyo akaenda likizo ya uzazi, na muhula wa pili ulipofunguliwa Mourine akarudi nyumbani jioni na uso uliochangamka kupita kiasi.

"Mama, kisia ni nani ametupata."

Perez alikuwa akianua muhogo kwenye turubai. Akasema hana haja ya kukisia, aambiwe.

"Ni Emorut. Mwalimu wetu wa darasa ni bwana ya Asio. Tena ndiye wa hesabu na sayansi."

Kipande cha muhogo kilimdondoka Perez mkononi. Emorut alikuwa mume wa bintiye mkubwa, Asio. Alikuwa akifundisha upande wa Bumala, na Perez alikuwa amesikia kwamba ameomba kuletwa karibu na nyumbani, lakini karibu ni neno pana. Hakufikiria lingefika hadi kwenye darasa la Mourine.

Kwa Wateso, na pia kwa majirani zao Waluhya, mama mkwe na mkwewe wa kiume ni watu wa kupishana. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikaribiana njiani, mmoja huacha njia akaingia hata kwenye shamba la mtu. Hakuna chuki hapo. Huyo ni mtu aliyepewa binti uliyemzaa, na heshima yenu ni kama chungu kipya, mkikishikashika kila siku kitapata ufa. Siku Emorut alipokuja na wazee wake kuposa, Perez alimwona viatu tu. Tangu hapo wameishi vizuri kabisa, kwa sababu hawajawahi kukutana.

Asio, ambaye ni wa siku hizi, alimwambia mama yake kwa simu kwamba mambo hayo yanaisha, kwamba kule mjini Busia watu wanasalimia wakwe zao kwa mkono na hata kukaa nao kiti kimoja kanisani.

"Hao ni hao," Perez akajibu.

Ijumaa ilipofika alijaribu. Alijifunga leso, akaenda, akijiambia kwamba atampata mwalimu mwingine yeyote amtume. Mlinzi akamfungulia. Perez hakuwa amefika hata kwenye bendera alipoona mwanamume mrefu anatoka darasani na vitabu kwapani, akija moja kwa moja upande wake. Wote wawili waliganda. Kisha Emorut, mwalimu aliyesomea chuo kikuu, akaruka mtaro na kujibanza nyuma ya tangi la maji, na Perez akajifunika leso uso mzima, akageuka, akatoka mbio langoni huku ndala moja ikibaki nyuma. Watoto walikuwa mapumzikoni. Kicheko walichokipiga kilimfuata mpaka barabarani. Ndala ililetwa jioni na Mourine, naye alikuwa bado anacheka.

Emmaculate, muuza ndizi, Mmarachi asiyeweza kukaa na neno tumboni, alitaka hadithi irudiwe. "Kwa hiyo Askari Kanzu amemtoroka mshukiwa?" akasema, na wateja wakacheka. Perez naye akacheka. Lakini usiku ule hakupata usingizi mzuri, maana alijua kitu ambacho Emmaculate hakukijua. Mlango aliokuwa akimlindia Mourine ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga hakuwa na kosa lolote.

Akatumia njia iliyobaki. Alimpigia Asio, Asio akamwuliza mumewe, jibu likarudi kwa Asio. Jibu lilikuwa lilelile kila mara: Mourine anafanya vizuri. Na karatasi za mtihani wa katikati ya muhula zilipokuja, zilithibitisha. Mourine, ambaye siku zote alikuwa wa katikati, mtoto wa kusukumwa, alikuwa wa tatu darasa zima.

Mama mwingine angechinja kuku. Perez alimpongeza mtoto, kisha akaanza kumtazama. Alimtazama jioni, akaona kwamba mkoba ukitua sebuleni haufunguliwi hadi asubuhi. Zamani hesabu zilimliza Mourine. Alikuwa akifuta na kuandika mpaka karatasi inatoboka. Sasa hakufuta kitu. Alifika nyumbani kwa kuchelewa, akipitia kwenye foleni ya malori pamoja na wasichana wawili waliokuwa wakiuza mayai ya kuchemsha, na akiulizwa husema walikuwa na masomo ya ziada. Perez hakujua hesabu, ila alijua kwamba hakuna mtu anayevuna wimbi kwenye shamba ambalo hajalipalilia. Alama hizi zilikuwa zinatoka wapi?

Alipata jibu akiwa nyuma ya nyumba, amechutama akigeuza muhogo, wakati Mourine na rafiki zake wamekaa barazani wakisukana. Walikuwa wakizungumza juu ya msichana fulani aliyesimamishwa mbele ya darasa kwa kutofanya kazi ya nyumbani.

"Na wewe je? Si hata wewe hukufanya," mmoja akauliza.

"Mimi? Emorut atanifanya nini? Mimi ni shem wake," Mourine akasema. "Siku moja aliniita mbele, nikamwambia, shemeji, ukinisumbua nitamwambia Asio akunyime chakula. Darasa lote likalala chini kwa kicheko. Tangu hiyo siku hata jina langu huruka."

"Na alama?"

"Alama ni za familia."

Wakacheka. Rafiki mwingine akasema ana bahati, mama yake hawezi hata kuja kuuliza, anakimbia kama kuku ameona mwewe. Mourine akacheka pia, tena yeye ndiye aliyecheka kwa muda mrefu.

Perez hakujitokeza kumpiga wala kumfokea. Alibaki pale amechutama mpaka miguu ikafa ganzi. Aliiona hatari yote wazi, kama mtu aliyeonyeshwa barabara kutoka juu ya kilima. Mwakani ni gredi ya tisa, mtihani wa serikali, na mtihani huo hausahihishwi na shemeji. Kabla ya hapo kulikuwa na miezi ya kutosha kwa foleni ya malori kufanya kazi yake. Alipoinuka alikuwa amekata shauri. Mourine atahama, na hatangoja mwaka uishe.

Asio alipoambiwa kwa simu alilia.

"Mama, umefikiria watu? Msichana akitolewa kwenye darasa la shemeji yake katikati ya mwaka, watu watasema nini? Watamtazama tumbo, mama. Watahesabu miezi. Bwana yangu atapoteza kazi kwa kitu hakufanya."

Hilo Perez hakuwa amelifikiria, na lilimchoma. Akamwambia bintiye kwamba amelisikia, kwamba Emorut hatachafuliwa, lakini mtoto atahama.

"Ngoja hata Desemba."

"Hata Robinson nilimngojea Desemba, hajarudi," Perez akasema.

Dada yake Perez, Truphena, alikuwa ameolewa Adungosi, na karibu na boma lake kulikuwa na shule ya kutwa yenye sifa ya ukali. Perez akapanda bodaboda siku ambayo si ya soko akaenda kumwona mwalimu mkuu, mzee mmoja mkavu aliyeitwa Okwakol, wa kuongea huku anachonga penseli. Alimsikiliza. Akauliza mtoto ni wa ngapi darasani. Perez akasema wa tatu. Okwakol akaacha kuchonga.

"Mama, mimi nimekaa kwa hiki kiti muda mrefu. Mtoto wa kuhama katikati ya mwaka huja na kifurushi. Mmoja ameiba, mwingine ana mimba, mwingine mzazi amepigana na mwalimu. Wengine ni wazazi wamehamishwa kazi, hao siwaulizi. Sasa wewe hujahama Malaba, na mtoto ni wa tatu. Mtoto wa tatu hufichwa, hahamishwi. Kifurushi chako ni gani?"

Perez alimweleza: mkwe, alama za bure, foleni ya malori. Okwakol hakucheka, yeye pia alikuwa Mteso. Lakini alitikisa kichwa. Akasema anaweza kuamini, ila hawezi kumpokea msichana kutoka kwenye darasa la shemeji yake kwa neno la mama peke yake, maana likija kutokea jambo ataulizwa yeye. Alitaka asikie kutoka kwa mwalimu wa darasa mwenyewe, na mwalimu mkuu wa kule akubali kumwachilia kwenye mtandao wa wizara.

"Huyo mwalimu wa darasa ndiye siwezi kuongea naye," Perez akasema.

"Najua," Okwakol akajibu, akarudi kwenye penseli yake. "Na ndiye nataka kusikia."

Jumatatu Perez alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa Malaba. Huyu alikuwa Bi. Vivianne Oduori, Msamia, Mluhya wa upande wa Nangina, mwanamke mnene mwenye haraka, ambaye kila mtu alimwita Madam. Perez alipita njia ya nyuma, baada ya kumtuma mlinzi ahakikishe Emorut yuko darasani. Aliposema neno kuhama, Madam aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa karibu naye kuliko mwanzo.

"Mama, niambie ukweli kama mwanamke kwa mwanamke. Huyu mwalimu amemgusa mtoto?"

Kumbe Asio aliona mbali. Uvumi haukuwa umengoja hata mtoto aondoke. Perez akasema hapana. Akasema tena hapana, polepole, kila silabi ikisimama peke yake. Kisha akaeleza yote, pamoja na maneno aliyoyasikia barazani, bila kumpunguzia Mourine hata moja.

Madam akasema yeye pia ana mkwe, yuko Funyula, na harusi ya mwisho walipokutana alikula chakula chake ndani ya gari. Halafu akashauri kwamba Emorut abadilishiwe darasa. Wakalifikiria hilo wote wawili, likashindwa lenyewe, maana gredi ya nane ilikuwa moja tu na mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja tu.

"Basi ni lazima azungumze, na wewe usikie," Madam akasema. "Kwenu mnafanyaje jambo likiwa zito na wakwe hawawezi kuonana?"

"Tunatuma mtoto katikati."

"Mtoto gani?"

"Yuko mmoja hapa shuleni," Perez akasema.

Ikapangwa hivi. Perez alikaa ndani, kiti kimeelekea ukutani, mgongo kwa dirisha. Emorut aliitwa, akasimama nje chini ya dirisha, naye akawapa mgongo. Mourine aliwekwa kati yao, mkono mmoja kwenye fremu. Kila mmoja angemsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini kwa desturi neno halijafika mpaka mtoto alibebe. Mourine alikuwa ameingia akitabasamu kidogo, akidhani ni mzaha mwingine wa ndala.

"Mwambie mwalimu namsalimu," Perez akaanza.

"Mama anakusalimu."

"Mwambie mama nimepokea," sauti ikatoka nje, ya chini sana.

"Amepokea."

"Mwambie sikuja kumshtaki. Nimekuja na swali moja. Mourine anajua hesabu?"

Mourine akamtazama mama yake, akaona kisogo tu. Akamtazama Madam, naye alikuwa akichungulia kucha zake.

"Lipeleke," Perez akasema.

"Anauliza… kama tunajua hesabu."

"Sikusema nyinyi. Taja jina."

"Anauliza kama Mourine anajua hesabu."

Kuku wa mpishi alipita akikwaruza chini ya dirisha. Kisha Emorut akasema, "Mwambie mama hajui."

Tabasamu la Mourine lilikwisha hapo. Perez akangoja. Alikuwa amelisikia jibu, Madam amelisikia, pengine hata mpishi amelisikia, lakini Perez aliketi kama kiziwi, mikono magotini, akingoja mjumbe wake.

"Anasema sijui," Mourine akasema mwishowe.

"Mwulize zile alama zilitoka wapi."

"Mama anauliza alama… zangu… zilitoka wapi."

"Mwambie zilitoka kwangu," Emorut akasema, na sasa maneno yalimjia kwa kasi kama mtu aliyebanwa muda mrefu. "Mwambie kila nikishika kalamu nyekundu niliona ni kama nakwaruza mlango wa nyumba yake. Kumkemea sikuweza. Nilijaribu mara moja, darasa zima likaniita shemeji. Nikaona heri niruke jina lake. Mwambie mama nimekosa. Nilidhani namheshimu yeye."

Hayo Mourine hakuweza kuyabeba. Machozi yalimtoka, akajifuta kwa kola ya sare. Akasema mama ameshasikia mwenyewe.

"Sijasikia," Perez akasema. "Niletee."

Na Mourine akayaleta yote, kipande kwa kipande, akikwama, akirudia, kalamu nyekundu, mlango, shemeji, kuruka jina. Alipofika kwenye kuruka jina alisimama kabisa, kama mtu aliyeligundua jambo wakati analisema: kwamba alikuwa amekaa darasani wiki baada ya wiki na hakuna aliyemfundisha. Madam akamsukumia kitambaa.

Emorut, kupitia kwa mjumbe, akaomba nafasi. Atamkaza kama wengine. Atamsimamisha, atampa kazi, atamrudisha nyuma. Mourine alilifikisha ombi hilo upesi kuliko mengine yote, akaongeza lake: atasoma, mama, kweli atasoma, asipelekwe Adungosi.

Ukutani mbele ya Perez kulikuwa na ramani ya kaunti, na alikuwa ameitazama muda wote bila kuiona.

"Mwambie mwalimu nimeshukuru," akasema. "Mwambie yeye ni mkwe mzuri, na sitaki nimpoteze. Akimkaza mtoto, mimi nitasikia uchungu, na nitataka kuja kuuliza, na kuja siwezi. Asipomkaza, mtoto atapotea. Njia zote mbili zinaingia kwa nyumba ya Asio. Sasa yeye abaki na undugu, mimi nitafute mwalimu. Ile simu ya Adungosi aipige hapa, mbele ya Madam."

Simu ilipitishwa dirishani. Emorut akaongea na Okwakol akiwa amesimama juani, na waliokuwa ndani wakamsikia akisema kwamba mwanafunzi hana kosa la nidhamu la kumfanya akataliwe, kwamba ni wa nyuma katika hesabu na sayansi, na kwamba aliyempandisha kwa alama za uongo ni yeye mwenyewe. Akataja jina lake kamili. Akasema, "Mzee, ni mambo ya ukwe yaliingia darasani." Halafu akarudisha simu dirishani bila kugeuza uso. Madam akamwambia kwamba kuhusu zile alama watazungumza wao wawili baadaye, na haitakuwa mazungumzo matamu. Emorut akasema anajua.

Lilibaki la watu. Perez alilimaliza siku ya soko, wakati umati umejaa. Emmaculate alikuwa ameinama juu ya ndizi zake, akauliza kwa sauti ya kunong'ona ambayo hununuliwa na masikio ya mbali, je, ni kweli Mourine anatolewa, na je, wale wanaosema juu ya Emorut wanasema kweli? Perez aliinuka, akaiweka gorogoro juu ya gunia.

"Wacha niseme mara moja, na anayetaka kununua anunue. Mourine anahama kwa sababu mwalimu wake ni mkwe wangu, na mimi mkwe wangu siwezi kumwuliza habari za mtoto. Alikuwa anapewa alama za bure. Emorut mwenyewe amesema hivyo mbele ya mwalimu mkuu, na mimi nilikuwa hapo, nimempa mgongo. Kama kuna mwenye sababu nyingine aniletee mimi, asiipeleke mtoni wanakoteka maji."

Mfanyabiashara mmoja kutoka ng'ambo, aliyezoea kumwita nyabo, yaani mama, akasema kwamba hata kwao wangefanya vivyo hivyo. Emmaculate akakuna kichwa.

"Mimi nilikuwa nauliza tu, Mama Asio."

"Nimejibu tu."

Baada ya hapo kulikuwa na maneno, maana maneno hayaishi mpakani, lakini yalikuwa ya kicheko: mwalimu aliyejificha nyuma ya tangi, mkutano wa migongo. Kicheko hicho Perez aliweza kukibeba. Asio alipiga simu, akasema nyumbani kwake kuko kimya lakini ni kimya kizuri.

Mourine alihamia kwa mama yake mdogo, Truphena. Siku ya kwanza Okwakol alimkalisha ofisini na kumpa karatasi ya hesabu, afanye peke yake. Alitoka hapo na alama chache ambazo hata Perez, wa darasa la tano, aliweza kuzisoma bila msaada. Alipewa mwalimu wa darasa, mwanamke kijana mwenye miwani, asiye na undugu na mtu yeyote wa ukoo wao. Perez alikuwa ameulizia hilo kwanza, kwa upande wa baba na wa mama.

Mwalimu huyo alimketisha Perez kwenye dawati la mbele, akakaa naye ana kwa ana. Akamwambia mambo yalivyo. Mtoto hajui hesabu za sehemu, hajui milinganyo, vitu vya gredi ya sita vimemponyoka, na itabidi abaki jioni na kuja Jumamosi, na hata hivyo hawezi kuahidi kitu. Alisema yote bila kulainisha. Mourine alikuwa amesimama kando, anaangalia viatu vyake.

Perez alimtazama mwalimu machoni muda wote. Mwalimu alipomaliza, Perez akamwomba amwambie tena lile neno la Jumamosi, saa ngapi, na mtoto aje na nini.